Pembe nne za mraba: njia ipi itakupa waya wa mviringo ulio laini?

Anayeyeyusha fedha yake mwenyewe haikwepi hatua hii. Umemimina kwenye kalibu, mkuo (kile kipande cha fedha iliyoganda) umetoka, umeupitisha kwenye vijia vya roli, mashine ya kubana yenye magurudumu mawili, mara kadhaa, na sasa mkononi una ufito wa mraba wa milimita tatu au nne. Mteja naye hakuagiza mraba. Anataka mkufu, ndoana za hereni, au kikuku cha mviringo kisichokwaruza mkono wa mtoto. Kati ya ufito na waya lipo chamburo, lile bamba la chuma lenye safu za matundu yanayopungua moja baada ya jingine, na kwa anayetazama kwa mbali kazi yote ni kuvuta.

Mimi naamini vingine. Waya mbovu nilioutoa maishani, karibu wote ulikwisha kuharibika kabla haujaingia tundu la kwanza. Mraba una pembe nne, mviringo hauna hata moja, na utakavyoziondoa hizo nne ndivyo waya wako utakavyokuwa. Kwa hiyo nalinganisha kwanza njia za kuziondoa pembe, ndipo nije kwenye chamburo lenyewe na nguvu za kulivutia. Mifano yangu ni ya fedha kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku. Dhahabu na shaba zina moto wao, lakini habari ya pembe ni ile ile.

Yanayotokea ndani ya tundu

Chamburo halikati, hukamua. Fedha huingia kwa upande wa tundu ulio mpana, hubanwa, na hutoka upande wa pili ikiwa nyembamba zaidi na ndefu zaidi. Hakuna kinachopotea. Kipande cha mraba cha milimita tatu, urefu wake sentimita 10, kikiwa cha fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha safi katika elfu) kina uzito wa gramu 9.3 hivi. Kivute mpaka kipenyo cha milimita moja na utapata waya wa karibu mita 1.15, gramu zile zile. Lakini kumbuka kwamba kila kilichokuwa juu ya ufito kimevutwa pamoja nao. Mkwaruzo wa milimita mbili umekuwa mstari wa zaidi ya sentimita mbili. Na ukiona vimagamba vinadondoka mdomoni mwa tundu, simama hapo hapo: ama ukingo wa tundu umemeguka, ama kuna kitu juu ya ufito kinachokwanguliwa, na kinachobaki nyuma yake si laini.

Sasa uweke mraba ndani ya duara. Mraba wa milimita tatu una upana wa tatu kutoka bapa, yaani upande ulio tambarare, hadi bapa, lakini kutoka pembe hadi pembe una 4.24. Tofauti hiyo ni asilimia 41. Tundu la 4.2 litagusa pembe tu, na bapa nne zitapita hewani bila kuguswa. Pembe zinabanwa, zinalainika kidogo, unashuka tundu jingine, na jingine. Usidhani mviringo umepatikana kwa sababu waya unapita kwa shida. Mara nyingi shida ile ni pembe nne tu zinazogoma. Bapa hubaki mpaka kipenyo kishuke chini kidogo ya upana wa mraba wenyewe, kwa sababu fedha inaporefuka bapa nazo huvutwa kuingia ndani.

Hapo ndipo penye uamuzi wa kwanza. Kama waya wako wa mwisho utakuwa mwembamba sana kuliko mraba, chamburo lina safari ndefu ya kurekebisha. Kama utakuwa karibu na unene wa mraba, halina nafasi.

Kuvuta moja kwa moja

Njia hii ndiyo wanayoanza nayo wengi. Unachonga ncha kwa tupa, sentimita tatu au nne hivi, unaipaka nta, unaanza na tundu linalolingana na ulalo, ule upana wa pembe hadi pembe, na kushuka bila kuruka. Ni rahisi kueleza na haihitaji ustadi wa nyundo.

Uzuri wake unaonekana kwenye waya mwembamba. Mraba wa milimita mbili unaokwenda kuwa waya wa 0.8 utapita matundu mengi sana baada ya bapa kwisha, na kila tundu linazidi kuusawazisha. Hapo sioni haja ya kuhangaika na kitu kingine, ilimradi mraba wenyewe ni safi.

Ubaya wake ni mbili. Kwanza, yale matundu ya mwanzo yanakula nguvu bila faida kubwa: kutoka 4.2 hadi 3.0 unaweza kupita matundu saba, manane, kulingana na chamburo lako, na muda wote huo waya bado una sura ya mto wenye bapa. Pembe zinagumika kuliko katikati, na usipoupasha moto mapema zitapasuka vipasuko vidogo vya kukingama, mithili ya magamba ya samaki. Pili, na hili ndilo kubwa, njia hii haisamehi mapezi.

Pezi ni nini? Roli ina magurudumu mawili yenye vijia vya umbo la V vinavyokutana. Ukilazimisha ufito mnene kuingia kijia kidogo, fedha isiyo na pa kwenda hutokea kwenye mwanya kati ya magurudumu na kuwa ubavu mwembamba ubavuni mwa ufito, kama pezi la samaki. Ukiugeuza ufito robo duara na kuupitisha tena, kama ilivyo desturi, pezi linalala juu ya bapa na kuwa mkunjo. Chamburo likija, linaukandamiza mkunjo mpaka hauonekani. Haujaungana na mwili wa waya, umefunikwa tu.

Nililipia somo hili kwa mkufu wa harusi. Nilikuwa mwanafunzi, nimevuta waya wa 1.2 unaong'aa kama uzi wa hariri, nikauzungushia msumari kutengeneza pete. Fundi wangu akachukua pete moja, akaisogeza dirishani.

"Pitisha ukucha hapa."

Nikapitisha. Ukucha ukanasa.

"Nini hicho?"

"Mstari, fundi."

"Mstari huo hukuupata leo, mwanangu. Umekuja nao kutoka kwenye roli."

Nikajaribu kuuficha kwa lihamu. Moto ulipoupata, mkunjo ukafunguka kama ganda la tetere, na lihamu ikakimbilia humo badala ya kwenye kiungo. Mkufu mzima ulirudi kwenye kalibu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuvuta chochote, napitisha kidole kwenye pande zote nne za ufito nikiwa nimefumba macho. Pezi nikilihisi, nalitoa kwa tupa likiwa bado limesimama. Likishalala umechelewa.

Dawa ya kweli ni kutolizaa. Usibane roli kwa pupa. Pitisha ufito, ugeuze robo duara, upitishe tena kwenye kijia kile kile bila kubana zaidi, ndipo uteremke. Ni mara mbili ya mizunguko lakini mraba unatoka na pembe zilizo safi.

Kuvunja pembe kwa nyundo

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa waya wowote utakaomalizikia zaidi ya milimita moja na nusu, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu wengi huiacha wakidhani ni ya kizamani.

Unachukua ufito wa mraba uliokwisha kulainishwa kwa moto, unausimamisha kwa pembe yake juu ya fuawe, na kugonga pembe ya juu kwa nyundo yenye uso laini uliong'arishwa. Pigo jepesi, unasogea, pigo, unasogea. Pembe ya chini nayo inabanwa na fuawe wakati huo huo. Ukifika mwisho unageuza robo duara na kurudi. Mapito mawili hayo na ufito wako una pembe nane badala ya nne.

Hesabu yake inapendeza. Umbo la pembe nane zilizo sawa, kutoka pembe hadi pembe, linazidi upana wa bapa hadi bapa kwa asilimia nane tu. Kwa mraba ilikuwa 41. Tundu la kwanza sasa linaugusa waya karibu mzunguko mzima, na bapa hupotea baada ya matundu mawili au matatu. Ukitaka zaidi, ziguse zile pembe nane kwa mapigo mepesi kabisa na utapata kumi na sita. Hapo chamburo linakuja kumaliza tu.

Faida nyingine ni kwamba nyundo inakuonyesha makosa. Pezi lililolala, shimo la hewa lililobaki kwenye mkuo, ufa wa ncha: vyote hufunguka chini ya nyundo wakati ufito bado ni mfupi na unaweza kukata kipande kibaya ukakirudisha kalibuni. Kwenye chamburo vingejificha.

Gharama yake ni mkono. Ukigonga kwa ukingo wa nyundo unaacha alama ya mwezi mchanga, na alama hiyo itavutwa kuwa mstari kama mkwaruzo mwingine wowote. Ukigonga bila mpangilio, ufito unakuwa mnene hapa na mwembamba pale, na waya mwembamba ukivutwa hukatika pale palipokonda. Anayeanza ajifunze kwa shaba nyekundu kwanza. Pia ufito hupenda kujisokota unapougeuza. Weka alama ya kalamu kwenye bapa moja ili ujue uko wapi.

Je, roli haiwezi kufanya kazi hiyo? Inaweza. Unachagua kijia kilicho kikubwa kidogo na kuingiza mraba ukiwa umeugeuza nusu ya robo duara, ili pembe ziguse mabavu ya V badala ya kuingia mabondeni. Zinabanwa zote nne kwa mpito mmoja. Ugumu ni kwamba ufito hautaki kukaa hivyo. Ukiulegeza kidogo unazunguka na kujilaza mahali ulipozoea. Kwa kipande kifupi na kinene, kikiwa kimeshikwa vizuri kwa koleo, inafaa. Kwa ufito wa nusu mita nimeshaacha kujaribu.

Tupa

Kuna wanaoziondoa pembe kwa tupa, na uso unaopatikana ni mzuri kweli. Lakini tazama mizani. Kuutoa mraba kuwa pembe nane kwa kukata kunaondoa asilimia 17 ya fedha. Kwenye kile kipande cha gramu 9.3, gramu 1.6 zinakuwa unga kwenye trei. Kwa fedha unaweza kuvumilia, maana unga unakusanywa na kuyeyushwa tena, ingawa sehemu hupotea njiani na chuma cha tupa huchanganyika humo. Kwa dhahabu sikushauri kamwe. Tupa naiwekea kazi tatu: mapezi, ncha ya kuingizia, na kasoro iliyo mahali pamoja.

Kusokota

Hii ni ya asiye na chamburo kabisa. Mraba mwembamba uliolainishwa unabanwa kwenye jiliwa upande mmoja, unasokotwa kwa koleo mpaka mizunguko ikaribiane, halafu unaviringishwa kati ya vipande viwili vya chuma bapa. Wafua dhahabu wa kale wa Misri na wa nchi za pwani ya Mediterania walitengeneza nyuzi za mviringo kwa njia hii, na vito vyao vinatambulikana kwa ule mstari unaozunguka waya kama kamba. Mstari huo ndio dosari yake: haufi kabisa. Kwa pambo linalotaka sura ya kale una uzuri wake. Kwa waya laini kabisa, hapana.

Si kwamba chamburo ni kitu kilichokuja juzi katika bara letu. Huko Ingombe Ilede, kando ya Zambezi nchini Zambia, makaburi ya karne ya 15 na 16 yalikutwa na mabamba ya chuma ya kuvutia waya yakiwa pamoja na koleo na shaba. Waliozikwa walizikwa na zana zao za thamani. Mimi nikilipaka chamburo langu mafuta jioni lisishike kutu, huwakumbuka.

Au uanze na mviringo tangu kalibuni?

Swali la haki. Zipo kalibu za chuma zenye mfereji wa mviringo, na mkuo wake unakwenda chamburoni bila kuona roli. Kwa kipande kifupi na kinene ni njia fupi. Lakini mkuo uliotoka kalibuni una chembe kubwa na pengine vishimo vya hewa, na unahitaji kukandamizwa kabla ya kuvutwa. Roli na nyundo hubana. Chamburo huvuta, na kuvuta mkuo mbichi ndiko kunakoufungua ufa wa katikati. Nikiwa na kalibu ya mviringo bado naupitisha mkuo kwenye roli mara chache, kwa hiyo narudi kwenye mraba. Ukishakubali hivyo, pasha kalibu moto na ipake mafuta kidogo, mimina kwa mkondo mmoja usiokatika, na ukate kile kichwa cha juu kilichobonyea. Nusu ya vishimo inaishia hapo.

Chamburo la chuma na la kabaidi

Chuma kigumu cha kawaida ni cha bei nafuu na kinavumilia kuanguka sakafuni. Matundu yake huchakaa polepole, huwa ya yai badala ya duara, na hushika kutu yakiachwa na unyevu wa bahari. Wafua wa zamani walikuwa na machamburo ya chuma kisichokomazwa: tundu likipanuka waliligonga pembeni mpaka likajibana, kisha wakalifungua upya kwa tindo nyembamba. Ya siku hizi yamekomazwa, usijaribu kuyagonga.

Kabaidi ya tungsteni ni kitu kingine. Matundu yake ni vipande vidogo vigumu vilivyopachikwa ndani ya bamba, vimeng'arishwa kama kioo, na waya unatoka ukiwa na mng'ao ambao chuma hakiutoi. Huchakaa kwa shida sana. Bei yake ni mara kadhaa ya chuma, na ni kitu kinachopasuka: ncha ngumu ikilazimishwa kwa pembe, au bamba likianguka, kipande kinameguka na tundu limekufa.

Kosa ninaloliona ni mtu kununua kabaidi akitumaini itamtengenezea uso uliokwisha kuharibika. Haitafanya hivyo. Mkunjo uliopita kwenye kabaidi ni mkunjo unaong'aa. Ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo ni kununua chamburo zuri la chuma la matundu makubwa, kuanzia kama milimita tano au sita, ambapo nguvu na mikiki ni mingi, na baadaye kabaidi ndogo ya kuanzia milimita mbili kushuka, ambapo mng'ao ndio unaohesabika. Kabaidi ya matundu makubwa kwa karakana ndogo ni pesa iliyolala.

Tazama pia hatua kati ya tundu na tundu kabla ya kulipa. Chamburo linaloshuka kwa 0.1 kila tundu ni laini sana kwenye unene wa milimita tatu, kwa sababu kutoka 3.0 hadi 2.9 eneo la mkato linapungua kwa asilimia saba tu. Kutoka 1.0 hadi 0.9 ni asilimia 19. Kutoka 0.5 hadi 0.4 ni 36, na hapo waya unakatika au kukonda nje ya tundu. Kwa nyuzi nyembamba tafuta linaloshuka kwa 0.05 au chini ya hapo.

Moto na nta

Nta ya nyuki inatosha. Wengine hutumia sabuni ya mche iliyolowanishwa, wengine mafuta mazito. Nimevuta kwa vyote na tofauti ni ndogo kuliko ile ya kupaka na kutopaka. Futa kabla ya moto, la sivyo masizi yanakaa.

Moto ndio usiokosewa. Kipenyo kikishuka kwa asilimia 30, eneo la mkato limeshuka nusu, na huo ndio wakati wa kulainisha: kutoka 3.0 pasha ukifika 2.1, kisha 1.5, kisha karibu 1.0. Wakati wa kuvunja pembe pasha mapema zaidi, hata ukiona bado unapita. Waya mrefu uviringe kuwa duara lililobana, lifunge kwa kipande cha waya wenyewe, ili ncha isiyeyuke wakati katikati bado baridi. Fedha ya 925 inalainika kati ya nyuzi joto 600 na 650 za Selsiasi, wekundu hafifu unaoonekana tu ukiwa kivulini. Usilainishe juani, hutauona wekundu huo. Kisha maji, kisha uichemshe kwenye maji ya shabu mpaka weusi uondoke, maana oksidi iliyobaki hukwaruza tundu na kukwaruza waya.

Anayefanya kazi na fedha ya zamani awe na tahadhari zaidi. Vikuku vingi vya bibi zetu vya pwani na vya Omani vilitokana na riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, gramu 28.07 kila moja, na fedha safi humo ni sehemu 833 katika elfu. Shaba iliyobaki ni nyingi. Fedha hiyo inagumika upesi na inadai moto mara nyingi zaidi, na ukizidisha, kwenye nyuzi 779 inaanza kuyeyuka kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Waya wa riale navunja pembe zake kwa nyundo daima. Kuuvuta moja kwa moja kumenipasukia mara nyingi.

Mkono au benchi

Ukipunguza kwa kiwango kile kile, waya wa milimita tatu unadai nguvu karibu mara tisa ya wa milimita moja, kwa sababu eneo lake ni mara tisa. Basi chini ya milimita mbili mkono unatosha: chamburo kwenye jiliwa lililofungwa imara, koleo lenye meno, na unarudi nyuma kwa uzito wa mwili, mvuto mmoja bila kusimama. Kila unaposimama katikati unaacha pete ndogo kwenye waya. Juu ya milimita mbili na nusu, benchi lenye mnyororo na gurudumu linakuokoa mgongo, na linakupa kitu kingine kinachosahauliwa: mstari ulionyooka. Mkono uliochoka huvuta kwa kupinda, waya unasugua upande mmoja wa tundu, na upande huo unatoka na mchirizi. Asiye na benchi avunje pembe kwa nyundo, kwa maana yale matundu saba ya mwanzo ndiyo yanayomtoa jasho bila sababu.

Kazi kwa kazi

Kwa ndoana za hereni za 0.8 au 0.9, mimi natoka mraba wa milimita mbili ulio safi na kuvuta moja kwa moja. Moto wa mwisho ni kwenye 1.1 au hapo karibu, na baada ya hapo sipashi tena, ili ndoana iwe na ukaidi wa kurudi mahali pake. Tundu la mwisho napitisha mara mbili.

Kwa pete za mkufu wa 1.2, ningeweza kuvuta moja kwa moja, lakini kwa kuwa kila pete itapindwa na kulehemiwa, na kila mkunjo utafunguka, natumia nyundo. Ni robo saa ya ziada.

Kikuku cha waya wa milimita tatu ndipo pagumu, na ndipo wengi hukosea kwa kuanza na mraba wa tatu. Hauwezi. Anza na mraba wa 3.7 au nne, vunja pembe mpaka nane, kisha kumi na sita, ndipo uvute. Kwa mraba wa nne usiovunjwa pembe utaanza na tundu la 5.6, ambalo machamburo mengi ya karakana ndogo hayana, na benchi lako litalia. Kikuku hakipitii matundu mengi ya kukisamehe, na kinavaliwa miaka, kikishikwa na macho ya watu kila siku. Kama una mahali pa kununua waya wa milimita tatu uliokwisha kuvutwa, na mteja hakukuletea fedha yake mwenyewe, nunua tu. Lakini mteja wa kwetu mara nyingi huleta kikuku cha mamake kilichovunjika na kusema, "Fundi, nataka hii hii." Hapo hakuna cha kununua.

Na kwa kazi ya nyuzi, ile ya waya wa 0.3 unaosokotwa viwili viwili na kubanwa bapa kabla ya kukunjwa kuwa maua, nafanya yote: tupa kwenye mapezi, nyundo kwenye pembe, chuma mpaka milimita mbili, kabaidi kuanzia hapo, hatua ndogo ndogo. Kabla ya kusokota naupitisha waya wote katikati ya pamba kavu iliyobanwa kwa vidole viwili. Unyuzi wa pamba ukibaki umenasa mahali, nakata pale pale.